Simu ya intaneti: kwa nini Kampala hawakutusikia



Katika miezi hii wanachama wengi wa Arua na Koboko wamefika kwenye ofisi ya tawi hapa Mvara na lalamiko moja. Simu za intaneti wanazopigiwa na waajiri wao zinaita vizuri na zinapokelewa vizuri, halafu upande mmoja haumsikii mwenzake. Mara nyingi anayelaumiwa ni yule aliye mbali na mji mkuu. Huambiwa kwamba mtandao wa kwao ni mbovu, au chombo chake ni cha bei rahisi, au hajui kukitumia. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa kirefu, maana limekwisha kumfikisha mwenzetu mmoja karibu na kufukuzwa kazi.

Mwenzetu huyo ni mwangalizi wa jenereta, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini. Mwaka 2023 mwajiri wake, ambaye makao yake makuu yako Kampala, alimtuhumu kwa upotevu wa lita 40 za dizeli. Kutoka hapa hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Badala ya kumwita huko, au kumtuma mtu Arua, uongozi uliamua kusikiliza shauri kwa simu ya intaneti. Kwamba gharama yake ni ndogo, hilo hatulikatai.

Mzee alikuja ofisini kwetu akiwa na daftari la jenereta, ambamo kila saa ya kuwasha na kuzima imeandikwa kwa mkono wake. Saa nne asubuhi simu ikaita kwenye kompyuta ya tawi. Tukasikia mashtaka yakisomwa, neno kwa neno. Akaulizwa kama ana la kusema. Akafungua daftari akasoma, ukurasa baada ya ukurasa, kwa muda wa dakika kumi hivi. Kutoka Kampala ikaja sauti: "Bwana, uko hapo? Tunangoja ujibu."

Katibu akamwambia, "Mzee, soma tena, polepole." Akasoma tena. Wakauliza tena. Mwishowe tukakata simu ili tupige upya, tukapiga, ikakatika yenyewe. Baada ya wiki moja ilikuja barua kwamba mtuhumiwa alibaki kwenye simu kwa dakika 25 bila kujibu lolote, na kwamba kunyamaza kwake kutazingatiwa katika uamuzi.

Sasa tueleze kilichotokea, kisha tutaeleza tulivyokithibitisha.

Kila chombo kinachozungumza kwenye intaneti lazima kiwe na anwani, nayo ni namba. Utaratibu wa anwani unaotumika sana, ulioanza mwaka 1983, una nafasi ya namba bilioni 4.3 hivi, basi. Wakati ule zilionekana nyingi mno. Leo hazitoshi hata simu za mkononi za dunia. Shirika linalogawa anwani kwa Afrika, AFRINIC, lenye makao yake Morisi, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005, wakati wenzetu wa Marekani na Ulaya walikuwa wamekwisha kujichukulia sehemu kubwa. Mwaka 2017 AFRINIC nayo ilianza kugawa akiba yake ya mwisho kwa kipimo.

Kwa sababu ya uhaba huo mafundi walibuni ujanja, nao uliandikwa rasmi mwaka 1994. Ni ubadilishaji wa anwani, ambao wao huuita NAT. Ofisi nzima inapewa anwani moja ya hadharani, na anwani hiyo inashikwa na ruta. Vyombo vya ndani vinapewa anwani za ndani, zisizo na maana yoyote nje ya ukuta. Yalitengwa mafungu matatu ya namba kwa kazi hiyo: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Ofisi ya Kampala inaweza kuwa na chombo chenye namba 192.168.1.20, na duka moja la Koboko likawa na chombo chenye namba hiyo hiyo, wala wasigombane, kwa sababu hakuna kati yao anayeonekana nje kwa namba hiyo.

Sisi tuliozoea sanduku la posta hatuna haja ya kushangaa. Shule ina walimu 40 na sanduku moja Arua. Mwalimu akituma barua, tarishi huandika nje ya bahasha namba ya sanduku la shule, na katika kitabu chake huandika kwamba barua ile imetoka chumba namba 20. Jibu likija, hutazama kitabu na kulifikisha chumba namba 20. Barua ambayo haina kumbukumbu kitabuni huwekwa kando. Ruta ndiyo tarishi huyo. Tena kitabu chake hakidumu. Kumbukumbu isiyotumika hufutwa baada ya muda mfupi, pengine nusu dakika, pengine dakika chache, kufuatana na jinsi ruta ilivyotengenezwa.

Kwa mtu anayesoma habari kwenye intaneti utaratibu huu hauna taabu, kwa sababu yeye ndiye anayeanza kuuliza na jibu linarudi kwa njia ile ile. Simu ni mambo mengine, kwa kuwa ina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ishara: kuita, kupokea, kukata. Simu nyingi za ofisini hutumia kwa kazi hii utaratibu uitwao SIP, na mlango wake wa kawaida ni namba 5060. Njia ya pili ni ya sauti yenyewe, nayo hupita mlango mwingine kabisa, unaochaguliwa wakati simu inapoanza. Ndani ya ujumbe wa ishara kila chombo humwandikia mwenzake: sauti yako niletee kwenye anwani hii, mlango huu.

Hapo ndipo penye kosa. Chombo kilicho nyuma ya ruta hakijui anwani ya hadharani. Kinajua chumba chake tu. Kwa hiyo kinaandika 192.168.1.20. Tarishi hubadilisha namba iliyo nje ya bahasha, lakini hafungui bahasha kusoma barua. Anayeipokea huku Arua anafungua na kukuta: majibu yangu niletee chumba namba 20. Chumba namba 20 cha wapi?

Kompyuta yetu ya tawi siku ile ilikuwa imechomekwa moja kwa moja kwenye laini yenye anwani yake ya hadharani, bila ruta katikati. Sauti ya Kampala ilijua pa kuja, ikaja. Sauti ya mzee ilitumwa 192.168.1.20, kama ilivyoagizwa, na anwani hiyo haisafiri. Haikufika hata Pakwach. Tulipokata, ishara ya kukata nayo ilikwenda kwenye chumba kile kile, ndiyo sababu Kampala waliendelea kuona simu iko wazi na mtu yuko upande wa pili amenyamaza. Dakika 25 za barua zilitoka hapo.

Kutokana na haya wafanyakazi washike jambo moja. Ikiwa simu imepokelewa na upande mmoja tu ndio usiosikia, uanze kumchunguza yule asiyesikia. Aliye nyuma ya ruta ndiye aliyetoa anwani mbaya, na kwa kuwa ndiye aliyeitoa, ndiye anayekosa sauti. Watu wengi hufanya kinyume chake. Humgeukia yule ambaye sauti yake haifiki, wakamwambia abadilishe kipaza sauti, apande juu ya kilima, anunue data nyingine.

Kweli, kipaza sauti nacho huharibika, na ni lazima kiondolewe katika mashaka kabla ya kumlaumu mtu. Njia yake ni rahisi: jirekodi kwa kompyuta ile ile na usikilize. Sisi tulifanya hivyo mchana ule ule na sauti ya mzee ilikuwa safi.

Kipimo cha pili ni saa. Tulimwomba fundi wa makao makuu apokee simu yetu, nasi tukampigia huku tumetazama saa ya mkononi. Alipokea, na baada ya sekunde 32 hivi simu ikakatika. Tukapiga mara ya pili, sekunde 32 tena. Mtu asiyejua atasema mtandao unasuasua, lakini mtandao unaosuasua haukati kwa saa. Sababu yake ni kwamba chombo kinapopokelewa hutuma neno la kukubali na hungoja lithibitishwe. Uthibitisho wetu ulikuwa unakwenda chumba namba 20, haufiki. Chombo cha Kampala kilirudia neno lake mara kadhaa, na utaratibu wa SIP unakitaka kikate tamaa baada ya sekunde 32. Ukiona simu zako zinakatika kwenye muda huo huo kila mara, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Kipimo cha tatu ndicho kilichotusaidia zaidi kwa sababu kinaweza kuandikwa kwenye karatasi. Kuna programu ya bure iitwayo Wireshark ambayo hunasa pakiti zinazoingia na kutoka kwenye kompyuta. Tuliiwasha, tukaomba tupigiwe tena, tukafungua ujumbe wa ishara uliotoka Kampala. Ndani yake kuna mstari unaoanza kwa herufi c na alama ya sawasawa, nao ndio unaotaja anwani ya sauti. Ulisomeka: c=IN IP4 192.168.1.20. Tuliuchapa ukurasa huo, tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu, tukaambatisha kwenye barua ya kupinga.

Katika barua hiyo tulikumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, amweleze mfanyakazi sababu na asikilize maelezo yake, pamoja na ya mtu aliyemchagua kufuatana naye. Tulisema kwamba maelezo yalitolewa na hayakusikilizwa, na kwamba kizuizi kilikuwa ndani ya ofisi ya mwajiri. Kwanza tulijibiwa kwamba mitambo yao haina kasoro, maana wanazungumza na matawi yao mengine kila siku. Hilo lilikuwa kweli, lakini matawi hayo yako pamoja na makao makuu kwenye mtandao mmoja wa ndani; wao wote ni walimu wa shule moja na wanapelekeana barua bila kupitia posta. Fundi wao alipouona ule mstari mwekundu hakubisha. Shauri likasikilizwa upya, safari hii kwa simu ya kawaida. Daftari likasomwa, saa za jenereta zikalingana na dizeli iliyotumika, na jambo likafungwa.

Kuhusu dawa, zipo kadhaa, na si kila moja inafaa kila mahali.

Iliyo rahisi ni kukipa chombo kioo. Kabla ya kupiga, chombo huiuliza seva iliyo nje: unaniona kwa anwani gani na mlango gani? Kikishajibiwa, huandika anwani hiyo ndani ya barua badala ya namba ya chumba. Utaratibu huu huitwa STUN na ulichapishwa mwaka 2003. Programu nyingi za simu, kama Linphone, zina nafasi ya kuandika jina la seva hiyo. Kwa ruta nyingi za nyumbani na ofisi ndogo hutosha. Kuna ruta nyingine, hata hivyo, ambazo hutoa mlango mpya kwa kila mtu unayezungumza naye. Kwa hizo kioo hudanganya, kwa sababu mlango ulioonwa na seva sio utakaotumika kwa mwenzako. Hapo lazima iwepo seva ya kupokezana, iitwayo TURN, ambayo pande zote mbili huipelekea sauti nayo huwapasia. Na kama programu ina mpangilio uitwao ICE, uwashwe, maana kazi yake ni kujaribu njia zote na kuchagua inayopita.

Ofisi yenye seva yake ya simu, kama Asterisk, inaweza kuiandikia seva anwani ya hadharani na kufungua milango katika ruta: ule wa 5060 na ile ya sauti, ambayo katika Asterisk kwa kawaida ni kutoka 10000 hadi 20000. Kosa la makao makuu yale lilikuwa hapo. Walifungua 5060, simu zikaita, wakadhani kazi imekwisha. Lakini nawaonya wale wanaofungua 5060 kwa dunia nzima. Kuna wezi wanaozunguka usiku na mchana wakijaribu nywila, na wakiingia hupiga simu za nchi za mbali kwa gharama yenu. Nywila iwe ndefu, na kama mnajua anwani za wanaowapigia, ruhusuni hizo tu.

Ruta nyingine zina mpangilio uitwao SIP ALG. Huyu ni tarishi mjuaji, anayefungua barua za watu na kusahihisha namba ndani yake. Nia yake ni njema, na mara nyingi huharibu hata barua iliyokuwa sahihi. Tumeuzima kwenye ruta tatu mwaka huu na mara zote tatu simu zilipona.

Huku kwetu kuna la ziada, nalo ni umeme. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kupewa anwani mpya ya hadharani, na ile uliyoiandika kwa mkono Jumatatu ikawa ya mtu mwingine Jumanne. Mwenye laini ambayo anwani yake hubadilika asiandike namba kwa mkono, atumie STUN. Kadhalika, simu ambayo hutoa wito vizuri lakini haiiti mtu akikupigia, kwa kawaida tarishi amefuta kumbukumbu yako kitabuni. Katika programu kuna mpangilio wa kutuma pakiti ndogo ya kujikumbusha. Uwekwe kila sekunde 20 hivi.

Wenzetu wa Koboko na wengine wanaotumia data ya simu ya mkononi wana tarishi wawili. Wa kwanza yuko kwenye chombo chao au kwenye hotspoti, wa pili yuko kwa kampuni ya simu, maana kampuni hizo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ili ujue, tazama anwani iliyoandikwa katika mipangilio ya modemu au ya simu. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, basi usipoteze muda kufungua milango katika ruta yako. Mlango unaokuzuia uko kwa kampuni. Njia yako ni seva ya kupokezana, na mwajiri anayetaka kuzungumza na watu walio kwenye data ya simu ndiye anayepaswa kuiweka.

Wengi huuliza, mbona WhatsApp inapita? Inapita kwa sababu wenye programu hiyo wana seva zao za kupokezana, na njia ya moja kwa moja ikishindikana sauti huzungushwa huko. Kwa hiyo WhatsApp ikifanya kazi haithibitishi kwamba simu ya ofisi nayo ni nzima. Inathibitisha tu kwamba data ipo.

Halafu kuna VPN. Kuanzia Julai 2018 hadi Juni 2021 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na watu wengi waliweka VPN ili kuikwepa. Kodi ile ilifutwa, ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data, lakini VPN zimebaki ndani ya simu za watu, nyingine zikijiwasha zenyewe. VPN huipeleka sauti yako nchi nyingine na kuongeza tarishi wa tatu. Izime kabla ya kupiga. Juu ya gharama, mjue kwamba simu isiyobanwa sauti hula megabaiti 1.2 hivi kwa dakika, kwenda na kurudi. Shauri la saa nzima ni kama megabaiti 70, nazo zisitoke mfukoni mwa mtuhumiwa.

Mwanachama akiitwa kwenye shauri kwa simu ya intaneti, aiarifu ofisi ya tawi mapema ili simu ijaribiwe na fundi wa mwajiri siku moja kabla. Siku yenyewe, kabla ya mashtaka kusomwa, kila upande utaje jina lake na upande wa pili ulirudie kwa sauti. Jina lisiporudiwa, mwenyekiti wa shauri apigiwe simu ya kawaida wakati huo huo, aombwe kuandika saa na dakika katika kumbukumbu, na shauri lihamie kwenye simu hiyo. Ukilazimika kukata, mwambie kwa simu ya kawaida kwamba umekata. Ukurasa wenye mstari mwekundu uko katika jalada hapa Mvara, na katibu ataufungulia mwanachama yeyote anayetaka kuona mstari huo unafananaje.